Namba ya simu kutoka Nairobi

Ukitoka hapa Greenbelt na kushika ile Parkway ya kwenda Baltimore, muda si mrefu unapita njia ya kwenda NSA, pale Fort Meade. Kila tukifika hapo, Mama hupunguza sauti ya redio. Nilikuwa namcheka, eti anadhani wanatusikia. Mwezi uliopita nikamuuliza vizuri.

Kumbe tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa katikati ya jiji la Nairobi, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Watu 213 waliuawa Nairobi, na 11 Dar es Salaam. Lile kovu la mkononi ni la kioo. Miaka yote alituambia ni la jikoni.

Nikaenda kusoma. Mmoja wa walipuaji alikamatwa, na FBI wakapata kwake namba ya simu ya nyumba moja Yemen. NSA wakaifuatilia, na mwishoni mwa 1999 ikawafikisha kwa Khalid al-Mihdhar. Januari 2000 CIA walishajua ana viza ya Marekani. Jina lake liliingia kwenye orodha ya kuzuiwa mwishoni mwa Agosti 2001! Mapema Septemba yeye na wenzake walikuwa moteli ya Laurel, karibu kabisa na NSA, na wanakuja kufanya mazoezi kwenye jim moja hapahapa Greenbelt.

Yaani kila ofisi ilikuwa na kipande chake.

Ndiyo maana mwaka 2006 wakazindua rasmi Intellipedia, ambayo inatumia programu ileile ya Wikipedia. Wazo lilitokana na makala ya Calvin Andrus wa CIA: majasusi waandike pamoja, mmoja akikosea mwingine asahihishe. Iko kwenye mitandao mitatu, kulingana na ukubwa wa siri. Na tofauti na Wikipedia, hakuna kujificha, kila unachoandika kinabaki na jina lako. Sean Dennehy na Don Burke wa CIA walizunguka wakiwabembeleza wenzao wajiunge. Waliojitahidi walipewa vibeleshi vidogo kama zawadi. Majasusi na vibeleshi, jamani!

Halafu 2010 Chelsea Manning akatoa maelfu ya nyaraka kwa WikiLeaks, na Wizara ya Mambo ya Nje ikachomoa hazina yake ya barua za balozi kwenye mtandao wa pamoja. Milango ikaanza kurudishwa.

Mimi sisemi wiki ingewaokoa wale watu 2,977. Na kusema kweli, nikiwa na jina kama langu, naogopa pia mstari mmoja wa uongo ukisomwa na mashirika 18 kwa mpigo. Ila ukurasa wa pamoja angalau mtu anaweza kuusahihisha. Faili la kabatini, nani atalisahihisha?

Nilipomsimulia Mama, alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Kwa hiyo namba ilitoka kwetu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hawakuambiana."

Jumapili tulipita tena pale Fort Meade. Redio hakuigusa.