MV Faina na Vifaru 33: Kwa Nini Hatuamini Tukiambiwa



Majuzi mtaani kwetu kulikuwa na baraza la usalama. Afisa mmoja alituomba, kwa adabu, tupeleke habari za watu wanaoficha silaha. Mzee mmoja akainuka akamuuliza: "Sisi tukiwaambia yetu, nanyi mtatuambia yenu?" Watu wakacheka. Afisa akageuza mazungumzo.

Vijana waliokuwapo waliona ni utani. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 tulijua swali lile limetoka wapi, na ndilo nataka kulieleza leo.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Septemba 25, 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa. Ndani mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi, kutoka Ukraine. Manowari za Marekani zikaizingira, kwa hofu kwamba shehena ile ingeangukia mikononi mwa wapiganaji wa Somalia.

Serikali yetu ikasema vifaru ni vyetu, ni vya jeshi la Kenya. Lakini kwenye karatasi za shehena mlikuwa na herufi nne: GOSS. Msemaji wa serikali akaeleza kwamba ni kifupi cha maneno ya kijeshi kuhusu vifaa na usalama. Wengine wakazisoma, kwa Kiingereza, kuwa ni Serikali ya Sudan Kusini.

Hapa Mombasa, Andrew Mwangura, mtetezi wa mabaharia, alisema wazi kwamba mzigo ule ulikuwa wa Sudan Kusini. Mwanzoni mwa Oktoba alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa matamshi ya kuzua hofu. Sisi tulikuwa kwenye shamrashamra za Idd. Kwenye kijiwe cha kahawa nakumbuka jinsi sauti zilivyoshuka. Kila mtu alikuwa na maoni, na hakuna aliyetaka kunukuliwa.

Kwa nini serikali ifiche? Kwa sababu Kenya ndiyo iliyowapatanisha Wasudani. Mkataba wa kumaliza vita vyao ulitiwa saini Nairobi, Januari 2005. Msuluhishi akionekana anampitishia upande mmoja vifaru, heshima yake itabaki wapi?

Vyombo vya habari navyo vina sehemu yao. Wapo waandishi wetu waliouliza swali la msingi, mzigo ni wa nani, na wanastahili shukrani. Lakini kamera za dunia zilikwenda kwa maharamia, manowari na fidia, iliyotajwa kuwa dola milioni 3.2. Februari 2009 meli ikaachiliwa, ikatia nanga Kilindini, vifaru vikashushwa. Mabaharia wakarudi makwao, na kamera zikaondoka nao.

Jibu lilikuja Desemba 2010, tena si kutoka kwa serikali wala Bunge letu. Mtandao wa WikiLeaks ulichapisha barua za siri za ubalozi wa Marekani. Zilionyesha kwamba hadharani sisi tukiambiwa vifaru ni vya Kenya, faraghani wakuu wetu waliwaeleza Wamarekani kuwa ni vya Sudan Kusini. Mgeni aliambiwa ukweli. Mwenye nyumba alidanganywa.

Hilo ndilo linalouma mpaka leo. Sidai kila risasi ya jeshi itangazwe redioni. Kila nchi ina siri zake, na mtu mzima huelewa akiambiwa, "Hili hatuwezi kulisema kwa sasa." Kunyamaza ni jambo moja, kusema uongo ni jambo jingine, na kumshtaki aliyesema kweli ni la tatu. Siri humsubirisha raia. Uongo humfundisha kwamba hata siku utakaposema kweli, asikuamini.

Tazama pia mizani isivyo sawa. Raia akitaka kumiliki bastola, sheria inamtaka aombe cheti na atoe sababu ya kuridhisha. Serikali ilipitisha vifaru 33 katika bandari yetu, na sababu tukaisoma mtandaoni.

Tangu hapo tumepata nyenzo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 21. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mambo ya usalama wa taifa yana kinga yake, lakini ofisi itabidi iseme kwa nini inakataa. Itumieni haki hii, hata kwa jambo dogo kama hesabu za barabara ya mtaa. Mazoea ya kuuliza hujengwa hivyo.

Na kwa maafisa wetu: habari za silaha mnazihitaji, na sisi tunahitaji usalama, maana watoto wanaopotea ni wetu. Lakini anayetaka kuaminiwa huanza yeye kusema kweli. Yule mzee bado hajajibiwa.