Sharjeri isiyo na matrikili

Mu biro ya sendika yetu hapa Kolwezi tuko na ordinateri moja tu ya kubeba. Ndani yake muko saa za ziada za watumishi 214, mwezi kwa mwezi, tangu miaka mbili. Juma moja mbele ya kuketi na wakubwa wa kampuni juu ya saa hizo, niliwasha mashini asubuhi, nikakuta maneno ku ekrani: aina ya sharjeri haijulikani, batiri haitajazwa.

Taa ya sharjeri ilikuwa inawaka. Umeme ulikuwako. Mashini ilitembea, lakini polepole, kama mutu aliyeamka na malaria. Batiri ilibaki ku asilimia 6, haipandi. Sisi tunaochimba kobalti inayoingia mu batiri za dunia, tukawa na batiri tusiyoweza kujaza!

Nikaipeleka kwa mutu mumoja anayetengeneza. Hakuifungua. Aliangalia ekrani tu, akasema karte-meri, ule ubao mukubwa wa ndani, imekufa: dola 120. Ndugu wasomaji, feza hizo hazikuwa zangu. Ni za watumishi, wanazokatwa kidogo kidogo ku mushahara kila mwezi. Nikaenda kwa Mama tresorieri na karatasi. Akakataa kusaini.

"Papa delege, huyu mutu amepima nini?"

"Ameangalia."

"Kuangalia si kupima. Mi siwezi kutoa feza ya batu juu ya macho ya mutu mumoja."

Nilikasirika. Leo ninamushukuru.

Kesho yake nikaenda kwa kijana mumoja wa Manika, mwenye meza ndogo, taa na multimetri. Kitu cha kwanza hakugusa hata visi. Akauliza, "Papa, mafaili yako iko fasi ingine?" Hapana. "Basi tutoe yote kwanza. Hii mashini inaishi paka na umeme wa prizi. Umeme ukikatika, inazima palepale." Tukanakili kila kitu mu kle USB.

Halafu akapima ncha ya sharjeri. Multimetri ikaonyesha karibu voli 19,5, sawasawa na maandishi ya chini ya sharjeri. Nikasema: njo vile, sharjeri ni nzima! Akacheka. "Nguvu iko. Sasa tuone kama iko na matrikili."

Akanionyesha ncha. Ku mashini nyingi za Dell, na za kampuni zingine pia, ncha ni ya muviringo na katikati muko pini nyembamba. Umeme wa kazi haupiti mu pini hiyo. Inapeleka habari tu. Ndani ya sharjeri muko kipande kidogo cha elektroniki kinachosema: mimi ni wa wati 65, ao mimi ni wa wati 90. Mashini inasoma habari hiyo mbele ya kujaza batiri. Kama haisikii kitu, inaogopa kuvuta nguvu kupita ile sharjeri inaweza kutoa. Inatembea polepole na inakataa kujaza batiri.

Sisi wa mugodi tunafahamu neno hilo. Mutu anaweza kuwa na nguvu ya kubeba mulima, lakini pasipo baji mulinzi wa mulango hamujui, na hataingia.

Kijana akachomeka sharjeri yake ya aina ileile. Maneno yakapotea ku ekrani, batiri ikaanza kupanda. Akachukua yetu, akaitia ku mashini ingine: maneno yaleyale yakatoka. Njo mwisho wa mabishano. Karte-meri ilikuwa nzima. Kilichokufa ni uzi mwembamba ndani ya kable, karibu na ncha, pale tulipozoea kuukunja kwa nguvu kila jioni. Sharjeri ya kufaa: dola 15.

Kama inakufikia na wewe, fuata njia hii, kitu kimoja kimoja:

1. Nakili mafaili yako mbele ya yote.

2. Chomeka sharjeri ku prizi ya ukuta, si ku ralonje, na uangalie taa yake.

3. Soma maandishi. Voli ziwe sawa na zile mashini inaomba. Wati ziwe sawa ao zipite, zisipungue.

4. Chomoa, angalia ncha na tundu la mashini kwa toshi. Pini imepinda? Tundu linacheza? Muko vumbi? Vumbi yetu ya huku inaingia kila fasi.

5. Zima mashini, chomoa sharjeri, toa batiri kama inatoka kwa mukono. Finya kifungo cha kuwasha sekunde 30, kisha rudisha yote ujaribu tena.

6. Mashini ikiwa inawaka, sogeza kable polepole karibu na ncha. Taa ya kujaza ikikuja na kupotea, kable imekatika ndani.

7. Jaribu sharjeri ingine ya aina ileile ku mashini yako, na yako ku mashini ingine. Kama yako inakubaliwa kule, ugonjwa uko ku mashini. Hapo pia usikimbilie karte-meri: mu mashini nyingi, tundu ni kipande chake chenyewe na uzi wake, kinabadilishwa peke yake.

Wenye mashini mpya za USB-C, kwenu hakuna pini ile, lakini mashini na sharjeri vinapatana vilevile juu ya voli mbele ya kuanza kazi. Sharjeri ndogo ya simu inaweza kuingia vizuri mu tundu na bado isitoshe.

Siku ya mukutano tuliingia na karatasi zetu zote, jina kwa jina, saa kwa saa. Mazungumzo bado hayajaisha, lakini hakuna aliyeweza kusema tunazungumza bila hesabu. Orodha sasa iko mu kle mbili, zinazokaa mu nyumba mbili.

Na ku karatasi ya kuomba feza ya sendika, Mama tresorieri ameongeza mustari mumoja, juu kabisa, mbele ya bei: "Mumepima nini?"