ASIDI NDANI YA MAJI, SI MAJI NDANI YA ASIDI



Tulipokuwa tukipita Kabalagala, Kampala, kuandikisha wanachama, tuliingia katika karakana moja ya betri. Kijana mmoja alitusalimu kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi. Wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. "Nilikuwa napunguza asidi," alisema. Alitia asidi kali katika ndoo, kisha akamimina maji juu yake. Ikachemka na kumrukia. Msimamizi akasema kosa ni lake. Sisi twauliza: nani alimfundisha kazi hiyo? Nani alimpa glavu na miwani?

Ndugu, jambo hili linawahusu wengi wetu, kiwandani na shambani, kwani trekta nayo ina betri. Tujifunze.

Asidi kali ya salfuriki ni nzito kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 1.84 hivi. Ikikutana na maji hutoa joto jingi. Ukimimina maji juu ya asidi, maji hubaki juu, huchemka mara moja na kurusha asidi usoni. Ukitia asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi, joto husambaa. Kwa hiyo maji ni kwanza, asidi baadaye. Siku zote.

Sasa kipimo. Mama anayekaanga kabalagala pale mtaani anajua unga kiasi gani kwa ndizi kiasi gani. Asidi nayo haipimwi kwa jicho. Kumbukeni: ukiongeza maji, asidi yenyewe haiongezeki wala haipungui, inatawanyika tu.

Tuseme twataka lita 10 za asidi ya betri, yenye uzito wa 1.28 kwa kipimo cha haidromita. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko huo, asidi ni kilo 37 hivi. Lita 10 zina uzito wa kilo 12.8, basi asidi safi inayotakiwa ni kilo 4.74. Asidi kali ya asilimia 98 ina kilo 1.8 za asidi safi katika kila lita. Gawanya 4.74 kwa 1.8: utapata lita 2.63.

Tia kwanza lita 7 za maji safi ya betri katika chombo cha plastiki ngumu kisicholiwa na asidi. Usitumie ndoo ya bati. Mimina asidi polepole, ukikoroga kwa kijiti cha plastiki au kioo. Chombo kikipata moto sana, simama, ngoja kipoe. Mwisho, mchanganyiko ukishapoa kabisa, ongeza maji kidogo kidogo mpaka alama ya lita 10, ndipo upime kwa haidromita. Ukipima ingali moto, kipimo kitakudanganya.

Asidi ikikupata, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Jicho vivyo hivyo. Kisha hospitali.

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, tena bila kumtoza mfanyakazi. Basi tudai mambo manne: kila chupa na pipa liandikwe kilichomo na nguvu yake, vyombo vya kupimia viwepo, glavu, aproni na miwani vitolewe, na bomba la maji liwe karibu.

Kijana wetu wa Kabalagala alidai peke yake, akaambiwa aache kazi kama anaogopa. Wenzake sita sasa wamejiandikisha pamoja naye. Watu saba hawajibiwi kama mtu mmoja.

Umoja ni nguvu.