Tumbo Lisilojua Saa za Kufunga

Mgonjwa anayengojea kupasuliwa huamriwa asile kitu kwa saa kadhaa. Wengi hutii kwa manung'uniko, na wako wanywao chai kwa siri wakidhani kuwa hiyo ni desturi tu ya hospitali. Sivyo hata kidogo.

Mtu aliye macho hulindwa na koo lake: chakula kikipanda kutoka tumboni, koo hujifunga na kikohozi hukitoa. Dawa ya nusukaputi huuzima ulinzi huo. Yaliyomo tumboni huweza kupanda kimya kimya yakaingia mapafuni. Mwaka 1946, Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, alieleza jinsi ajali hiyo ilivyowapata wazazi 66 kati ya 44,016. Wawili walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula. Kisha, kwa kuwajaribia sungura, alionyesha kuwa hata majimaji matupu ya tumbo hudhuru, kwa sababu ya tindikali iliyomo.

Kwa mtu mzima wa afya, saa 6 baada ya mlo mwepesi, na saa 2 baada ya maji, kwa kawaida hutosha. Lakini wako wagonjwa ambao kwao saa hazina maana. Utumbo uliojisokota haupitishi kitu, ilhali mwili huendelea kumimina humo majimaji yake, lita baada ya lita. Mgonjwa aliyefunga siku mbili huwa na tumbo lililojaa. Kovu la kidonda cha tumbo nalo huweza kuubana mlango wa kutokea chakula, mtu akatapika leo alichokula jana.

Kwa hiyo mtaalamu wa nusukaputi haridhiki na swali la "Ulikula lini?" Huuliza pia kama chakula kinapita. Kisipopita, huingiza mpira puani hadi tumboni kunyonya yaliyomo, humvutisha mgonjwa oksijeni, kisha humlaza kwa dawa za haraka na kupitisha upesi mpira wa pumzi wenye kipulizo kinachoziba pembeni. Mwaka 1961 Brian Sellick wa London alishauri pia kuligandamiza gegedu la koo ili umio uzibike; wataalamu wangali wakibishana kuhusu faida yake.

Hatari hiyo haiishi na upasuaji. Mpira wa pumzi wa mgonjwa wa namna hii hautolewi mpaka awe amezinduka na kuweza kukohoa mwenyewe.