Moshi wa Hospitali Hauishi kwa Kuhamishwa

Hospitali ya Dubai iko Al Baraha, ndani ya Deira, eneo ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanalijua kwa masoko yake. Taka hatarishi za hospitali za mji ule husafirishwa hadi Jebel Ali, kwenye tanuri la manispaa, upande wa viwanda na makambi ya vibarua. Mkazi wa Deira haoni moshi, na asiyeuona hana la kuuliza. Ndiyo maana naona wananchi wanaopinga matanuri ya taka za hospitali wanajipunja wanapodai tu dohani iondolewe mtaani kwao. Dai zito ni kwamba kisicholazimu kuchomwa kisichomwe popote.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Hatari imo katika asilimia 15 zilizobaki, na humo mna mifuko ya damu na mirija ya plastiki ya PVC, yenye klorini. Ikichomwa huzaa dioksini, hasa moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200 za Selsiasi, kwa hiyo moto mkali peke yake si kinga. Moshi lazima upozwe ghafla na kuchujwa. Vitanuri vya matofali vilivyojengwa kwenye zahanati zetu nyingi havina chujio lolote. Na dioksini husababisha saratani, hukaa miaka mingi katika mafuta ya mwili, na hupita katika maziwa ya mama.

Watetezi wa matanuri huuliza: uthibitisho wa madhara uko wapi? Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, unajibu. Pale sumu ilikuwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi hupimika katika damu kwa urahisi. Hata hivyo, mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wa mtaa huo walihangaika miaka mingi; kiwanda kilifungwa 2014, mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Dioksini ni ngumu zaidi, kwani kuipima kunahitaji maabara ghali mno. Kumtaka mwananchi athibitishe kwa mwili wake ni kumwambia augue kwanza. Mwenye dohani ndiye apime moshi wake na kubandika matokeo hadharani.

Wauguzi wana hoja nzito kuliko hiyo ya uthibitisho: sindano iliyotupwa jalalani huua haraka kuliko moshi. Ni kweli, na anayefunga tanuri bila mbadala anawahatarisha watoto wanaookota taka. Lakini mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo huua vijidudu bila kuchoma plastiki. Marekani ilikuwa na matanuri ya hospitali zaidi ya 2,000 katikati ya miaka ya 1990. Wananchi na wahudumu wa afya walipobana, na kanuni kali zikatoka 1997, hospitali nyingi zikahamia kwenye mvuke, na matanuri yakashuka chini ya 100. Tanzania nayo imeshiriki mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuingiza mitambo hiyo ya mvuke hospitalini. Umeme ukikatika mtambo husimama, basi zahanati ya kijijini ipeleke sindano zake hospitali ya wilaya, na kondo la nyuma lifukiwe shimoni. Dawa za saratani bado zinahitaji tanuri la joto kali lenye machujio, lakini hayo ni machache kwa nchi nzima, na yanaweza kusimamiwa.