Yoga si kukunja viungo pekee

Saa kumi na moja alfajiri umekwisha amka. Maji yamerudi mferejini na lazima ujaze mitungi kabla hayajapotea tena. Watoto wanataka chai, na matatu za Jogoo Road hazimngoji mtu. Ukiambiwa ufanye yoga, utacheka: nafasi iko wapi katika chumba kimoja cha Kayole au Dandora?

Vijana wengi wa mitaa yetu wameijua yoga kupitia Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007, ambalo huwafunza kuwa walimu wa mazoezi hayo. Lakini, mpenzi msomaji, mazoezi ya viungo ni sehemu tu. Neno yoga ni la Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha. Swami Vivekananda wa India, aliyepata sifa kwa hotuba yake ya Chicago mwaka 1893, alifundisha njia nne, kwa kuwa watu hutofautiana tabia.

Ya kwanza ni Karma Yoga, njia ya kazi. Timiza wajibu wako bila kung'ang'ania matunda yake. Mwanafunzi, kusoma ni juu yako. Alama si zako kujigawia. Nawe unayemfulia jirani mgonjwa bila kungojea shukrani, umo njiani tayari.

Ya pili, Bhakti Yoga, ni kumpenda Mungu kwa moyo wote. Ya tatu, Jnana Yoga, ni maarifa ya kujichunguza: nikifutwa kazi leo, je, mimi ni nani? Ya nne, Raja Yoga, ni kuitawala akili. Matatu ikikwama City Stadium, fuata pumzi zako kabla ya kumrudishia makanga matusi.

Je, hii ni dini? Hofu ya wazazi si ya kupuuzwa, kwani chimbuko la njia hizi ni Uhindu. Walakini wema usiotaka malipo, sala ya kweli na utulivu si mambo mageni kanisani wala msikitini. Chukua linalopatana na imani yako, lingine liache.

Katika kitabu cha Bhagavad Gita, Arjuna hakufundishwa haya pangoni, bali kwenye uwanja wa vita. Uwanja wako ni foleni ya maji. Kesho alfajiri, anzia hapo.