Fremu ya Alumini Iliyopasuka Haichomelewi

Swali linaloulizwa bila kukoma kwa mafundi baiskeli, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu mkoani Geita, ni kama baiskeli ya gia ya mtumba iliyopasuka fremu itafaa tena ikichomelewa. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa linatafuta dawa kabla ya kujulikana ni metali gani inayotibiwa.

Imani kwamba fremu yoyote huchomelewa ilitokana na Phoenix, baiskeli ya chuma kutoka China ambayo kwa miaka mingi imebeba magunia Usukumani, na ambayo fremu yake ikipasuka huchomelewa na kurudi kazini. Lakini fremu nyingi za baiskeli za gia za milimani ni za alumini, mara nyingi aloi (mchanganyiko wa metali) ya namba 6061, ambayo ugumu wake hutokana na kupikwa kiwandani: hupashwa moto hadi takriban nyuzi 530 za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha huachwa kwa saa kadhaa katika nyuzi 175 hivi. Moto wa kuchomelea huubatilisha upishi huo, na sehemu inayopakana na mshono hubaki na takriban nusu ya nguvu yake, hata mshono ukisuguliwa ukang'aa na kupakwa rangi. Zaidi ya hayo, alumini huchoka, maana yake kila mtikisiko wa barabara ya vumbi na kila kiroba cha mawe kinachopelekwa kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) hurefusha nyufa zisizoonekana, hadi fremu ikatike ghafla mteremkoni. Fundi anayelipwa kwa mshono huo anauza ajali.

Sumaku huamua: ikinasa, fremu ni ya chuma na inatengenezeka, isiponasa na ufa upo, hasa karibu na shingo ya usukani au penye ekseli ya pedeli, ivuliwe vipuri na kuuzwa chakavu. Fremu ikiwa nzima, mnyororo upimwe kwa rula kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake, ambapo mpya huonyesha inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi ubadilishwe, ukizidi kwa 1/8 ubadilishwe pamoja na friwili. Golori, nyaya na raba za breki si sababu ya kuitupa baiskeli, lakini shokapu za mbele zilizoliwa na kutu ni ghali, na gharama ya vipuri ikivuka nusu ya bei ya baiskeli nzima ya aina hiyo, inunuliwe nyingine.